Neno Lililotoka Jikoni

Kila Jumatatu asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Jicho alifungua banda la mashua na kuanza na ubao. Mwingine angeanza kufagia. Yeye alianza na ubao, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mstari kwa mstari, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Ubao wenyewe ulikuwa mrefu kuliko mlango, umepakwa rangi nyeusi, na juu yake yaliandikwa majina ya wasichana wote waliowahi kuipigia sekondari ile makasia. Kila mwaka mstari mmoja, kila mstari majina matano: wanne wa kupiga makasia na mmoja wa kushika usukani. Mistari ishirini. Mmoja tu, wa mwaka wa nane, ulikuwa na kikombe kidogo kilichochorwa pembeni kwa rangi ya manjano.

Mstari huo aliufuta kama mingine. Hakuukazania, hakuuruka. Ilimchukua miaka kumi na miwili kujifunza kuufuta kama mingine.

"Hodi humu!"

Alikuwa mwalimu wa michezo, mgeni wa mihula miwili pale shuleni, daftari kwapani na kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Karibu, Mwalimu. Angalia kizingiti, nimemwaga maji."

"Dada, nimekuja kuomba msaada. Mwezi ujao timu inatimiza miaka ishirini. Mkuu wa shule anataka historia, kijitabu cha kuwagawia wageni. Nimepekua ofisi nzima. Nimepata picha tatu na panya."

"Panya mzima?"

"Mzima kuliko mimi. Nikauliza nani anajua mambo ya timu, wote wakaniambia nenda kwa Jicho, yule ndiye kabati letu."

Jicho akacheka. "Kabati lenyewe halina mlango, Mwalimu. Geuza ndoo hiyo ukae."

Akaendelea na kazi huku akisimulia, maana mikono yake ikikaa bure na mdomo nao ulikuwa unakwama. Alichukua soksi ndefu kuukuu, akaivaa mkononi kama glavu, akaanza kuipitisha taratibu kwenye tumbo la mashua iliyokuwa imelala kifudifudi juu ya magogo mawili. Palipokuwa na ufa hata wa unywele, soksi ilinasa, naye akapaweka alama ya chaki.

Akasema timu ilianzishwa na mwalimu wa jiografia, marehemu sasa, ambaye wasichana walimwita Mzee wa Ramani. Ng'ambo ya mto palikuwa na kiwanda. Kiwanda kikafungwa, wenyewe wakaondoka, wakaacha mashua mbili nyembamba walizokuwa wakishindania siku za mapumziko. Moja ilishaliwa na mchwa. Nyingine ndiyo hii. Siku ya kwanza wasichana wanne waliingia kwa pamoja, tena upande mmoja, na mashua ikawamwaga kama maji ya kuoshea vyombo. Mmoja alipotoa kichwa majini akasema, "Hii si mashua, hii ni mama mkwe. Ukimkanyaga vibaya anakutoa nje!" Jina likabaki hapohapo. Mama Mkwe.

"Mwaka wa tatu wakaanza kwenda kushindana na shule nyingine," Jicho alisema. "Mwaka wa tano kasia moja lilivunjika, wakaliunga kwa chuma cha kitanda. Mwaka wa sita walifika wa mwisho, lakini wa mwisho wa kweli, Mwalimu. Walimkuta mwamuzi ameshakunja meza, anatafuta viatu."

Mwalimu aliandika huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Na mwaka wa nane?"

Soksi ikasimama. "Mwaka wa nane walishinda."

"Hilo kila mtu analijua. Mgeni akiingia kwa Mkuu anaonyeshwa kikombe kabla hajaonyeshwa kiti. Nauliza walishindaje."

"Waliwahi kufika."

"Dada Jicho!"

"Si ndivyo watu wanavyoshinda?"

Mwalimu akacheka tena, kisha akafungua ukurasa mpya. "Haya. Kuna jambo jingine linanitatiza. Nimeshawapeleka wasichana mashindanoni mara mbili. Shule nyingine zote, mshika usukani akitaka makasia yatoke majini anasema, 'Inua makasia!' Wetu anasema, 'Epua!' Kama wanapika! Wenzetu wanatucheka, wanatuita timu ya sufuria. Nimewauliza wasichana wamelitoa wapi, wananiambia waliwakuta dada zao wakilisema. Lilianza lini neno hili?"

Jicho akaitazama soksi mkononi mwake. "Sijui, Mwalimu."

Alikuwa hajawahi kumdanganya mtu ndani ya banda lile. Uongo wenyewe ulikuwa maneno mawili tu, lakini mwalimu alipoondoka bado ulikuwa umesimama mlangoni.

Kwa sababu neno lile alijua lilizaliwa siku gani, saa ngapi na wapi. Lilitoka kinywani mwake.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita. Shule ya msingi alikuwa amemaliza, tena amefaulu; lakini kufaulu ni kitu kimoja na kwenda ni kingine, na baba yake alifariki mwaka uleule. Basi sekondari aliingia kwa mlango wa nyuma: mama yake alikuwa mpishi mkuu wa shule, naye akawa msaidizi wa mama. Dirisha la jikoni lilitazama mtoni. Akisugua sufuria alitazama, akichambua maharage alitazama. Aliujua mto kwa rangi. Penye kina maji yalikuwa kama chai isiyo na maziwa. Pale kwenye kona, juu ya fungu la mchanga, yalikuwa kama chai yenye maziwa mengi.

Mwaka huo wa nane mshika usukani wa timu aliugua. Ilikuwa homa kali iliyomlaza hospitali, kisha nyumbani, muhula mzima. Mzee wa Ramani akazunguka shule akitafuta msichana mwepesi asiyeogopa maji. Waliokuwa wepesi waliogopa, na waliokuwa hawaogopi walikuwa na uzito wa gunia. Siku moja alikuwa akipita chini ya dirisha la jikoni akamsikia binti wa mpishi akimwambia mama yake, "Wale leo watakwama. Wanaingia kwenye maziwa." Kabla hajafunga mdomo, Mama Mkwe akakwama kwenye mchanga na wasichana wanne wakaanza kulaumiana.

Mzee akaingiza kichwa dirishani. "Wewe mtoto, una kilo ngapi?"

"Mwalimu," mama akamjibu, mwiko mkononi, "binti yangu hapimwi kama sukari."

Lakini alimruhusu. Miezi mitatu, kila alasiri, baada ya vyombo.

Kwenye mashua ile wapiga makasia hukaa wakiwa wameipa mgongo safari. Wanaona walikotoka tu. Anayeona mbele ni mmoja, yule anayekaa nyuma kabisa na kamba mbili za usukani mikononi. Ndiyo maana wakampa jina la Jicho. Na mbele ya uso wake, magoti yakikaribia kugusana, alikaa mwenye mpigo, yule ambaye wengine watatu humfuata. Mwaka ule mwenye mpigo alikuwa msichana waliyemwita Mrefu. Akikunja miguu alikuwa kama panzi.

Miezi mitatu Jicho aliutazama uso ule. Mbele kulikuwa na mto, na kati ya mto na yeye kulikuwa na Mrefu. Alijua Mrefu amechoka kabla Mrefu mwenyewe hajajua. Mdomo wa juu ulianza kutoka jasho upande wa kushoto. Na kila walipopumzika, Mrefu alimpa somo la siku ile, kwa pumzi za kukatika.

"Leo tumesoma moyo. Una vyumba vinne."

"Na nani anakaa humo?"

"Wapangaji."

"Wanalipa?"

"Wanasumbua tu. Haya, twende, Mzee anatutazama."

Mashindano ya mwaka huo yalifanyika pale pale, kwenye mto wao. Fomu ilitaka majina ya wanafunzi. Mzee wa Ramani akaandika jina la yule mgonjwa, kisha akaja jikoni, kofia mkononi. "Hili litakaa chini ya ulimi," aliwaambia mama na binti. "Halimdhuru mtu, na mashua haitabaki bandani." Mama aliendelea kukoroga chungu chake.

Walipofika kwenye kona, mashua mbili zilikuwa sawasawa, pua kwa pua. Tangu asubuhi mto ulikuwa umepungua, na Jicho akaona maziwa pale ambapo jana palikuwa na chai. Makasia yalitakiwa yatoke majini, yote, sasa hivi. Alifundishwa la kusema: inua makasia. Lakini maneno yale yalikuwa marefu na mchanga ulikuwa karibu, na ulimi wake ukakimbilia ulikozoea. Likatoka lile ambalo mama yake hulipiga kelele maziwa yanapopanda kwenye sufuria na aliyesimama karibu na jiko anaota ndoto.

"Epua!"

Wasichana wote wanne walikuwa wamepita zamu za jikoni kwa mama yake. Maziwa yakipanda hakuna anayeuliza maana ya epua. Makasia manne yakaruka kwa pamoja, hewani, yakichuruzika. Mama Mkwe akapita juu ya fungu kwa tumbo, mchanga ukilia chini yake kama mafuta kwenye kikaango, akatokea upande wa pili. Wenzao makasia yalizama mchangani yakasimama kama miiko kwenye sufuria lililoungua.

Wakashinda. Picha ilipopigwa, yule mgonjwa aliletwa amefunikwa shuka la sufu, akapakatishwa kikombe. Jicho alikuwa jikoni. Wageni walitakiwa kula.

Mrefu alimfuata huko, nguo zikichuruzika maji, akamkumbatia mbele ya jiko mpaka moto ukafoka. "Nikimaliza shule nitarudi," alisema. "Tutampanda tena Mama Mkwe, mimi na wewe. Na siku hiyo watakuita kwa sauti, si chini ya ulimi."

Barua zilikuja mbili. Ya tatu haikuja. Mama alipoanza kuumwa magoti, Jicho aliomba kazi ya kulitunza banda, na tangu hapo kila mwanamke mrefu aliyepita langoni alimfanya ainue uso. Kwa njia hiyo alishawapokea kwa macho wakaguzi wawili, muuza mafagio, na siku moja mwanamume aliyevaa koti refu.

*

Jioni ile ya daftari alimkuta mama ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Mama, wanaandika historia."

"Ya nani?"

"Ya timu."

"Ehe. Na wewe umo?"

"Nimo wapi, Mama? Ubaoni lipo jina la Daktari." Yule mgonjwa alikuwa amekuja kuwa daktari, mama alipenda kusema homa ile ndiyo iliyomwonyesha njia.

"Basi sema. Mdomo si unao?"

"Nikisema, kikombe kinarudishwa. Aliyeandikwa siye aliyeshika usukani. Na kikombe kikirudi, Mkuu anajaza madawati bandani. Kila mwaka anasema timu inakula nafasi, kila mwaka anakitazama kikombe, ananyamaza."

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza..." Jicho akachutama, akaanza kumkanda mama goti ili asimtazame. "Wameandika barua za mwaliko, Mama. Kwa wote watano wa mwaka wa nane. Nikinyamaza, Mrefu akija atakuta sipo."

Mama akakoroga maji ya beseni kwa kidole cha mguu; yalikuwa yanapoa.

"Mwanangu, nimepika shule ile miaka ishirini na tatu. Umeona jina langu kwenye ukuta gani? Lakini waulize walionenepa!" Wote wawili wakacheka, kisha mama akaacha kwanza. "Sisemi uridhike. Mimi mwenyewe sikuridhika. Nasema kuna namna ya kusema kitu bila kukisema. Nimeishi na baba yako miaka kumi na tisa kwa namna hiyo. Hebu niongezee maji ya moto."

Kesho yake Jicho alimsubiri mwalimu wa michezo mlangoni mwa banda.

"Mwalimu, jana nilikudanganya."

"Kuhusu panya?"

"Kuhusu neno. Andika hivi: neno hili lilitoka jikoni."

Mwalimu akachomoa kalamu kwenye nywele. "Jikoni kwa nani?"

"Jikoni kwa shule. Mwaka wa nane."

"Alilisema nani?"

"Jikoni kuna moshi, Mwalimu. Watu hawaonekani vizuri."

Mwalimu hakuwa mjinga. Akautazama ubao, mstari wenye kikombe cha manjano. Akageuka, akalitazama dirisha la jikoni kule juu ya kilima. Mwisho akamtazama Jicho, kuanzia mabega yale membamba mpaka soksi mkononi. Akaandika, akapiga mstari chini ya alichoandika.

"Na moshi huo utaisha lini, dada?"

"Siku banda hili litakapoacha kutishiwa madawati."

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua la wastani, viti vimepangwa kwenye majani mpaka karibu na gati. Jicho alikuwa amempaka Mama Mkwe vanishi mara tatu. Mbao zilimetameta mpaka kunguru mmoja alijitazama humo akashtuka. Viti vya kuteleza alivitia mafuta kimoja kimoja, vijigurudumu vikawa havitoi sauti. Alivaa gauni lake la kijani, akafunga kitambaa kichwani, akasimama kwenye mlango wa banda, mahali ambapo mtu anaona gati kwa jicho moja na lango kwa lingine.

Wa mwaka wa nane waliwekewa viti vitano mstari wa mbele, kila kiti na karatasi yenye jina. Wapiga makasia watatu walifika mapema, wakapigiana vigelegele na kunyosheana vidole viunoni. "Wewe! Umemeza kasia?" "Nyamaza, wewe umemeza mashua!" Daktari akafika kwenye saa nne, mpole, mnene, miwani ikimteleza puani. Kiti cha tano kikabaki na karatasi yake. Baadaye mtu aliweka mkoba juu yake. Jicho akatoka mlangoni, akapita katikati ya watu, akautoa mkoba ule akauweka chini, akarudi mahali pake.

Mwalimu akasoma kijitabu. Watu walicheka waliposikia habari za chuma cha kitanda, na mwamuzi aliyekuwa akitafuta viatu aliwafanya wengine wafute machozi. Kisha akafika kwenye neno. "Timu yetu pekee," alisoma, "husema 'epua'. Wanaotucheka na wacheke. Neno hili lilitoka jikoni, mwaka wa nane, na ndilo lililotuvusha."

Watu wakapiga makofi. Daktari hakupiga. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akaivaa tena, akageuza shingo mpaka akauona mlango wa banda. Wimbo wa wanafunzi ulipoanza akainuka kimyakimya akaja.

"Dada."

"Karibu, Daktari."

"Usiniite hivyo, leo sina hadhi. Kila nikiiona ile picha, na kikombe mapajani, nahisi homa inanirudia. Wewe ndiye uliyekuwa ndani. Mimi nilikuwa chini ya shuka." Akashika fremu ya mlango. "Wimbo ukiisha nitasimama niseme. Mbele ya wote."

Jambo alilolingoja miaka kumi na miwili lilikuwa limekuja kwa miguu yake, limesimama mlangoni, limevaa miwani. Jicho akatazama nje. Kwenye majani walikaa wasichana wa timu ya sasa, na mwenye mpigo wao, binti mwenye chunusi kidevuni, alikuwa akilifuta kasia lake kwa pindo la sketi ingawa lilikuwa kavu.

"Ukisema leo," Jicho akasema, "kesho hawa watampanda nani?"

"Kwa hiyo niendelee kukaa kwenye kiti chako?"

"Ubaoni endelea kukaa. Ubao hauelei."

Daktari akamtazama, asielewe. Kisha akafuata macho ya Jicho mpaka gatini, ambako Mama Mkwe alikuwa akicheza kwenye kamba yake, na akaelewa. Akaminya mkono wa Jicho mara moja, akaondoka.

Wimbo ukaisha. Mkuu wa shule akasimama na kutangaza kwamba sasa mashujaa wa mwaka wa nane watampanda tena Mama Mkwe, wapige mpaka kwenye kona na kurudi. Mwenye mpigo wao kwa bahati mbaya hakufika, kwa hiyo mwenye mpigo wa sasa atakaa badala yake. Watu wakasogea mtoni. Wale watatu wakaingia kwa uangalifu, wakisaidiana na kutukanana, na binti wa chunusi akakaa mahali pa Mrefu. Ikabaki nafasi ya nyuma. Daktari akanyoosha mguu, Mama Mkwe akayumba, Daktari akarudisha mguu na kushika kiuno.

"Jamani!" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Yule wa kilo arobaini hayupo tena. Huyu mama mkwe atanitoa nje mbele ya wakwe wote! Hakuna mtu mwepesi hapa anayeujua mto?"

Hakuwa amepanga nao. Lakini wale watatu ndani ya mashua walijibu kwa mdomo mmoja, kama walivyokuwa wakijibu zamani:

"Jicho!"

Jina likapita juu ya maji, likarudi. Watu wakageuka kutafuta ni nani.

"Mfagizi?" Mkuu akauliza.

"Anaujua mto, Mkuu," mwalimu wa michezo akasema, akikitazama kijitabu chake kana kwamba jambo hilo limeandikwa humo.

Jicho alishuka gatini. Akaweka unyayo katikati, taratibu, kama anavyoingia mtu nyumba ya wakwe, na Mama Mkwe akatulia. Akaketi. Kamba mbili zikamjaa viganjani, ngumu, za unyevu, vilevile. Akainua macho, na badala ya uso ule wa miaka yote akaona kidevu chenye chunusi na macho makubwa yenye hofu. Magoti yalikuwa mbali. Binti huyu alikuwa mfupi. Mahali fulani kifuani, mpangaji mmoja akakaa chini.

"Mko tayari?"

"Tayari, Dada Jicho."

"Haya. Moja!"

Wakaondoka. Mara ya kwanza makasia yaligongana, mara ya pili yakasikilizana, mara ya tano mashua ikaanza kuimba chini. Alikuwa amesahau kwamba huimba. Dirishani, sauti haifiki. Ukingo ukawa unapita pande zote mbili na mto ukafunguka mbele yake, rangi juu ya rangi, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiuona. Nyuma yake vigelegele vya watu vilikuwa vikipungua.

Kona ikaonekana. Maziwa yalianza kule kwenye matete.

"Dada," yule binti akasema, macho yakiwa juu ya bega la Jicho, "kuna mtu anakimbia kuja gatini."

"Tazama mpigo wako."

"Ni mwanamke. Viatu ameshika mkononi. Anapunga."

Kasia la kiti cha pili likakosea mpigo. Huko nyuma ya binti mtu akasema, "Jamani." Mwingine akaanza kucheka, na kicheko kikavunjika katikati kikawa kitu kingine.

Kamba zilimteleza Jicho vidoleni, akazikaza. "Ni mrefu?" akauliza.

Binti hakujua ameulizwa nini. Akajibu kwa uaminifu tu, kama anavyojibu mwanafunzi:

"Ndiyo, dada. Mrefu sana."

"Jicho, ni yeye!" akalia wa kiti cha tatu. "Geuka umwone! Geuka!"

Wote wanne walikuwa wakimwona. Walikaa wakitazama walikotoka, na walikotoka ndiko alikosimama. Jicho peke yake ndiye asiyeweza. Mshika usukani hageuki. Akigeuka mwili, kamba zinageuka naye, na mchanga ulikuwa urefu wa mashua moja tu mbele yake, mweupe, unachemka. Vyumba vyote vinne vilikuwa vimejaa watu waliosimama. Akauacha mchanga usogee, usogee, mpaka pale hasa anapopajua.

"Epua!"

Makasia manne yakatoka majini. Kwa mbali, kutoka gatini, sauti moja ikalirudia neno lile, ikichelewa kidogo, kama mtu aliyekuwa amelitunza muda mrefu. Mama Mkwe akapanda juu ya fungu, mchanga ukamlilia chini ya tumbo, akaanza kuteleza. Mashua inayoteleza haiharakishwi. Huwezi kuigeuza kabla haijamaliza mwendo wake. Jicho akakaa wima, macho mbele, kamba zimekaza, akitafuta maji yenye rangi ya chai ambapo ataweza kugeuzia.